Sura ya Mtanashati

Baba yangu amening'inia ukutani tangu nipate akili. Yuko sebuleni kwa mama, juu ya kabati la vyombo, amevaa suti ya kijivu, mkono mmoja mfukoni, ameegemea gari ambalo halionekani lote. Ana masharubu membamba na anatazama mbele bila kucheka wala kununa. Ni jalada la gazeti, limekatwa vizuri pembeni na kutiwa kwenye fremu ya kioo, na juu ya kichwa chake yamebaki maandishi makubwa ya jina la gazeti lenyewe: Mtanashati. Wenzangu shuleni walikuwa na picha za baba zao wamekaa kwenye viti vya studio, wametoa macho kama watu wanaohojiwa na polisi. Baba yangu mimi aliuza sura nchi nzima. Nilijivuna, nisiseme uongo.

Hiyo ndiyo picha yake pekee. Nyingine, kwa maelezo ya mama, ziliharibika maji yalipoingia kwenye chumba walichopanga. Baba alikufa kwa homa mimi nikiwa bado tumboni. Kazi yake katika gazeti hilo ilikuwa kusoma prufu, yaani kuzipitia kurasa kabla hazijachapwa na kuwinda makosa. Mama alikuwa mpiga taipu palepale, na ndipo walipojuana. Ukitaka kujua zaidi ya hapo, mama alikumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni.

Kwa hiyo nililelewa na mama na ukuta. Asubuhi kabla sijatoka niliambiwa, "Mwamkie baba yako," nami nikamwamkia. Nikifeli mtihani nilipita pale sebuleni nimeinamisha kichwa, maana yale macho hayakukufokea lakini hayakukuacha pia. Nilipoota ndevu nilizinyoa zote nikabakiza masharubu membamba. Wageni walioingia waliutazama ukuta, wakanitazama mimi, wakapiga makofi. "Huyu kamchukua baba yake mzimamzima!" Mama alikuwa anawamiminia chai wakati huo, na sikumbuki hata siku moja akiitikia.

Sasa hivi nina mvi kwenye hayo masharubu. Naandika chochote kinacholipiwa: maneno ya kwenye maboksi ya sabuni, hotuba za mahafali, wasifu wa marehemu ambao wakati wa uhai wao hawakunisalimia. Ndiyo maana mwenye Mtanashati wa sasa, ambaye wafanyakazi wake wote wanamwita Tajiri, aliponiita ofisini kwake nilidhani anataka sifa za suruali. Kumbe alitaka historia. Gazeti linafunga mitambo, alisema, linahamia kwenye simu za watu, na kabla ya hapo atatoa toleo moja kubwa la karatasi la kuagia.

"Nataka historia ya kweli," alisema, "lakini iwe tamu."

Kisha akanisukumia picha mezani. Lilikuwa jalada la baba yangu.

"Hili ndilo jalada letu maarufu kuliko yote. Nalirudia. Nalipachika kwenye mabango makubwa barabarani, mji mzima. Shida ni moja, hakuna anayejua huyu bwana ni nani."

"Ni baba yangu," nilisema.

Tajiri alinitazama masharubu, akaitazama picha, akaruka kutoka kitini. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akataka jina la marehemu lichapwe kwa herufi kubwa chini ya picha, akataka na mimi nipigwe picha pembeni. Halafu akakumbuka kwamba ana mwanasheria. "Niletee watu wawili wa zamani waseme kwamba ndiye. Wawili tu wanatosha. Ukikosa, basi, naweka picha ya gari."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Baba yangu hakuacha kaburi la maana, wala shamba, wala rafiki aliyewahi kuja kutujulia hali. Kama angesimama barabarani mji mzima na jina lake miguuni, mtu yeyote angeweza kumwamkia, si mimi peke yangu. Sikuwahi kutaka kitu namna ile.

Nilimweleza mama siku hiyohiyo. Alikuwa anakata vitunguu. Kisu kilisimama.

"Historia ya nini tena? Gazeti lenyewe lilikuwa la kufundisha watu kufunga tai."

"Mama, watamweka baba barabarani. Mabango makubwa."

"Barabarani," mama alirudia. "Waambie waache."

"Kwa nini?"

Alifikiri kidogo. "Vumbi," alisema, akaendelea kukata.

Nilianzia stoo. Iko nyuma ya chumba cha mitambo, na magazeti ya zamani yamefungwa kwa kamba na kurundikwa hadi darini. Panya walikuwa wameanza na ukurasa wa mapishi, ambao sikujua kama gazeti la wanaume lilikuwa nao. Niligeuza ndoo nikaikalia, nikafungua furushi la kwanza, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kunichezea.

Toleo la mwanzo linasema gazeti lilianzishwa na fundi cherehani aliyetaka kuuza suti. Toleo la maadhimisho, miaka kadhaa baadaye, linasema ni kinyozi. La tatu linadai ni walimu waliochoka kukutana na wanafunzi wao wa zamani wamevaa ovyo. Kila mhariri aliyekuja alibadili historia kama mtu anavyobadili mapazia. Na mafundisho nayo hayakuwa na msimamo. Kulikuwa na safu ya ushauri iliyoitwa Mwanaume Halii, na toleo lililofuata safu hiyohiyo, ukurasa uleule, iliitwa Mwanaume Akalie Wapi. Mwaka mmoja msomaji anaonywa asishike jembe akiwa na shati jeupe, mwaka unaofuata anaambiwa asiyeshika jembe si mwanaume. Masikini wasomaji. Nilianza kuwahurumia, na kuwaelewa baadhi ya wajomba zangu.

Hayo ningeyamudu. Kilichonichanganya ni majalada.

Baba yangu hakuwa kwenye jalada moja. Alikuwa kwenye majalada mengi, tena mengi mno. Hapa ana miwani, pale ana ndevu, kule amevaa kofia iliyoshuka hadi nyusi. Moyo ulinidunda kwa furaha, nikayapanga sakafuni yote niyaone kwa pamoja. Furaha hiyo haikukaa. Katika jalada moja baba alikuwa anachungulia juu ya paa la gari, na katika lililofuata, gari lilelile, kichwa kilimfika kwenye kioo cha dirisha. Mwezi mmoja alikuwa na kitambi, mwezi uliofuata amekonda kama ametoka hospitali, mwezi wa tatu kitambi kimerudi. Suti ilikuwa ileile ya kijivu. Sura ileile, macho yaleyale. Kisha nikakuta jalada ambalo baba ameshika gazeti kwa mikono miwili, na mikono yote miwili ni ya kushoto. Nilivitazama vidole gumba hadi macho yakauma.

Nilianza kuona kwamba baba yangu hakuwa na kimo maalumu. Nilimpigia mama simu nikamuuliza baba alikuwa mrefu au mfupi.

"Wa kawaida," alisema. "Umekula?"

Watu wawili wa zamani niliowapata hai walikuwa wanakaa pamoja karibu kila siku, jambo lililonirahisishia kazi. Mmoja ni mhariri wa kwanza, anayejulikana hadi leo kwa jina la Mzee Tai, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai, hata alipolazwa. Wa pili ni Fundi Mkasi, ambaye kazi yake enzi hizo ilikuwa kupanga na kubandika kurasa kwa gundi kabla hazijapigwa picha na kwenda mtamboni. Niliwakuta kibarazani kwa Mzee Tai, wanacheza drafti na kutuhumiana. Mkwe wa Mzee Tai, mke wa mwanawe, alinipa kiti, akaninong'oneza nisiwaamini wote wawili.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," walijibu pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mchana ule.

Sikuwaambia mimi ni nani. Nilitaka ushahidi safi. Niliwawekea jalada juu ya ubao wa drafti nikauliza, "Huyu ni nani?"

Mzee Tai alilisogeza mbali, kisha karibu. "Huyu ni yule bwana wa mauzo."

"Wa mauzo alikuwa na kitambi," Fundi Mkasi alisema. "Huyu ni dereva."

"Dereva ni miguu."

"Miguu ni ya mhasibu! Dereva alikuwa na matege, tungemwekaje miguu?"

"Kwa hiyo dereva alikuwa nini?"

"Dereva alikuwa mkono. Huu uliotoka mfukoni."

"Huo umeingia mfukoni, wewe mzee. Vaa miwani."

Nilinyoosha mikono kama mtu anayeamulia ugomvi. "Wazee wangu, naomba mnieleweshe. Mimi nimeuliza mtu mmoja."

Walinitazama kwa huruma. Mzee Tai akakohoa, akaliweka sawa fundo la tai.

"Kijana, sisi hatukuwa tunapiga picha ya mtu. Tulipiga vipande."

Alinieleza, na Fundi Mkasi akawa anamsahihisha kila sentensi, kwa hiyo nitaandika kile kilichobaki. Toleo la kwanza kabisa walimweka mtu wa kweli jaladani, mwalimu mmoja mtanashati kwelikweli. Ikawa balaa. Wasomaji walirudisha magazeti. Walisema huyu tunamjua, huyu mkewe humfungia nje, huyu ndiye atufundishe kuwa wanaume? Na mwalimu mwenyewe alichekwa na darasa zima hadi akaomba uhamisho. Mzee Tai akakata shauri. Mwanaume, alisema, yuko radhi kufanana na mtu asiyemjua, lakini akimjua tu, anaona bora abaki alivyo. Kwa hiyo mtu wa jaladani lazima asiwe mtu. Kila mfanyakazi atoe kipande, na asitoe viwili. Mmoja miguu, mmoja mikono, mmoja kiuno. Fundi Mkasi anakata, anabandika, anapaka rangi kwenye maungio, picha inapigwa upya, na hakuna jirani wa mtu anayeweza kusema namjua huyu.

"Mara mojamoja nilikosea mikono," alisema Fundi Mkasi. "Gundi ilikuwa inakauka haraka."

Niliyasikia yote hayo, lakini kama yanasemwa chumba cha pili. Nilikuwa nimekuja kutafuta jina la mtu mmoja na nikapewa ofisi nzima.

"Na msoma prufu?" niliuliza. "Kulikuwa na msoma prufu. Yeye alitoa kipande gani?"

Uso wa Fundi Mkasi ulichangamka. "Ee, yule! Yule alitoa mabega. Suti ilikuwa moja tu ofisini, na ilikataa kumkaa mtu yeyote, ikamkaa yeye. Alikuwa na mabega, bwana. Mabega yote ya Mtanashati ni yake, hadi alipofariki. Baada ya hapo ilibidi tutumie hanga."

Nilishusha pumzi. Walau yumo. "Na uso? Uso ni wake pia?"

"Kila mtu kipande kimoja," Mzee Tai alinikumbusha.

"Basi uso ni wa nani?"

Wakatazamana. Mzee Tai akaanza kupanga kete ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Hilo tuliapa," alisema.

"Tuliapa kwa ajili ya gazeti," alisema Fundi Mkasi. "Gazeti lenyewe linakufa. Tunamficha nani?"

"Ukisema mimi sipo."

"Uko hapo hapo, umekaa," alisema Fundi Mkasi, kisha akanigeukia. "Uso ni wa mpiga taipu wetu. Binti mmoja."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee, kwa hiyo nilicheka peke yangu kwa muda, nikaona hakuna anayenisaidia.

"Usicheke. Wanaume wote pale ukiwaelekezea kamera walikuwa wanakunja sura kama wanapiga picha ya kitambulisho. Mmoja alifumba macho, mmoja alitoka jasho. Siku moja mpiga picha alikuwa anapima mwanga, akamwambia yule binti akae pale kidogo. Akakaa. Akaitazama kamera hivi, bila kuiogopa wala kuibembeleza. Picha ilipotoka tukaigombania wote. Tukamwomba ruhusa, akacheka sana, akasema fanyeni. Nikazikata nywele, za kwenye picha, si zake. Nikamtia masharubu kwa brashi nyembamba. Toleo lile liliisha madukani, tukachapa tena. Wanawake waliandika kutaka kuolewa naye. Wanaume waliandika kuuliza anatumia mafuta gani."

"Alikuwa mwanaume bora kuliko wote tuliowahi kuwachapa," Mzee Tai alisema kwa heshima kabisa, akiwa amesahau kwamba hayupo.

Fundi Mkasi aliziacha kete. Alikuwa ananitazama mimi sasa. Alinitazama paji la uso, akashuka puani, akasimama kwenye masharubu kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu anayetazama kazi ya mkono wake.

"Ngoja kwanza," alisema taratibu. "Mama yako hajambo?"

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, mwisho nikaomba maji. Yule mkwe alileta glasi, akawatazama wazee kwa jicho la nilisema mimi. Nilikunywa yote. Miaka yote ile. Niliyemwamkia asubuhi kabla ya shule, niliyemkwepa nilipofeli, ambaye nilifuga masharubu ili nifanane naye, alikuwa jikoni anakaanga mayai.

"Na yule msoma prufu," nilisema, nikiirudisha glasi. "Uso wake mwenyewe. Ulikuwaje?"

"Wa mviringo," alisema Mzee Tai.

"Mrefu," alisema Fundi Mkasi. "Na miwani."

"Hakuwa na miwani. Miwani ni ya mhasibu."

Walibishana hadi wakachoka, kisha Mzee Tai akanigusa goti. Safari hii hakuwa na mzaha. "Mwanangu, nisikudanganye. Yule bwana alikuwa ameinama juu ya karatasi siku nzima. Ukipita unamwona utosi. Ukimwita anasema ndiyo bila kuinua kichwa. Muulize mama yako. Hakuna mwingine aliyewahi kumtazama vizuri."

Nilirudi kwa miguu. Kwenye kioo cha duka la viatu nilijiona, nikasimama. Nilimwona mama, amevaa shati langu, ana masharubu yenye mvi. Muuzaji alitoka akaniuliza kama nataka kupima. Nilimwambia sijui, na ndilo jibu la kweli pekee nililokuwa nalo. Kama baba hana uso, mimi nimefanana na nani? Na kama wageni wote wale walisema kweli, nimemchukua mzimamzima, wamesema kweli kuhusu nani? Tajiri alinipigia simu mara mbili njiani, nikaiacha ilie mfukoni.

Mama alikuwa sebuleni anapiga pasi, amempa ukuta mgongo. Niliingia bila kumwamkia.

"Umenidanganya," nilisema.

Aliisimamisha pasi wima. Hakuniuliza nini. "Nani amekwambia? Yule mwenye mkasi?"

"Mama, nimeiamkia sura yako miaka yote! Kwa nini?"

"Ulikuwa mdogo," alisema. "Ulitoka kucheza unalia, wenzako wamekuuliza baba yako yuko wapi. Nilikuwa na hilo jalada sandukuni. Mle mna mabega yake. Picha nyingine tuliyopiga sisi wawili hakuna, maji yalichukua, lakini hii tumo wote, mimi juu, yeye chini. Nikakuonyesha, nikakwambia huyu baba yako. Nilikuwa nakuonyesha mabega, mwanangu. Wewe ukaikimbilia sura, ukaibusu. Ningekwambia nini? Kwamba ubusu chini kidogo?"

"Ungeniambia nilipokua."

"Ulipokua ulianza kufuga masharubu. Ulikuwa na furaha. Kila ukinyoa unakuja kujilinganisha pale. Nilisema nitakwambia kesho." Alichukua shati jingine, akalitandaza, hakulipiga pasi. "Halafu watu wakawa wanasema mmefanana, na walikuwa hawasemi uongo. Hata mimi nikaanza kuchanganyikiwa. Kuna siku nilikuwa nakushitaki kwake. Namwambia mwanao haambiliki. Namwambia mimi mwenyewe."

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua ielekee wapi. Nikakaa. Sikutaka bango tena, wala jina kwa herufi kubwa. Nilitaka kitu kidogo tu, na yeye ndiye pekee duniani aliyekuwa nacho.

"Basi niambie alivyokuwa. Uso wake. Alifanana na nani?"

Mama aliisogeza pasi pembeni. Alitazama shati. Nilimwona anatafuta kweli, kama mtu anayepapasa mfukoni ambamo aliweka ufunguo, na nilimwona anavyoukosa.

"Uso umenipotea," alisema. "Sikuambii uongo. Mwanzoni nilikuwa nao. Nikifumba macho nauona, hata kovu la hapa. Au la hapa. Halafu kila siku ile ya ukutani, kila siku ile ya ukutani. Sasa nikifumba macho naona hiyo tu, masharubu na yote. Nimemfunika mwenyewe, kwa uso wangu." Sijawahi kumwona mama akilia, na hata siku hiyo alijizuia, akakunja shati ambalo halijapigwa pasi. "Huyo Tajiri wako mwambie aweke gari."

Nilisimama nimshike. Nilikuwa nimegeuka nusu, natafuta pa kuisogeza meza ya pasi, aliposema ghafla, "Ngoja. Simama hapo hapo."

"Wapi?"

"Hapo. Geukia mlango. Nipe mgongo."

Nikageuka. Nilisikia akizunguka meza, kisha sikusikia kitu. Nilisimama kama mtu anayepimwa nguo, sielewi nifanye nini na mikono yangu.

"Inamisha kichwa kidogo. Kama unasoma. Shusha bega la kulia, alikuwa anashusha la kalamu." Nikashusha. "Si sana. Hapo."

Nilisikia akivuta pumzi na kuishikilia.

"Hapo," alisema tena, polepole, na hakuwa anaongea na mimi.

Nilitamani kugeuka. Nilitaka nione macho yake, nione anachokiona, pengine kingekuwa bado kimo mle kabla hakijaondoka. Shingo ilianza kwenda yenyewe.

"Usigeuke," mama alisema. "Ukigeuka ataondoka."

Nikabaki nimeinama, nautazama mlango.